Maswali na majibu: Flutter, React Native au nyingine?

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nitumie fremuwaki (mfumo wa kuundia programu) gani ili programu moja ifanye kazi kwenye Android na iPhone? Tumechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Tuko watatu, kazi yetu ni tovuti, na sote tumezoea JavaScript na React. Tunataka kuunda programu ya oda: orodha ya bidhaa, kikapu, malipo na arifa. Kila tunayemuuliza anasema Flutter ndiyo yenye kasi. Tujifunze Dart, lugha yake?

Hapana. Kwa kazi hii bakini na mnachokijua, nacho ni React Native.

Sifa hiyo ya kasi ina asili yake. Flutter haitumii vitufe vya simu hata kidogo. Huchora kila kitu yenyewe kwa injini yake, zamani Skia na siku hizi Impeller, na lugha ya Dart hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla programu haijamfikia mtumiaji. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, huiomba simu iunde vitufe na visanduku vya simu yenyewe, huku mantiki ikibaki kwenye JavaScript. Kwa miaka mingi maombi hayo yalipita kwenye daraja lililogeuza kila ujumbe kuwa JSON, yaani maandishi, na kuupanga foleni. Mtu akiperuzi orodha ndefu kwa haraka, foleni ilijaa na skrini ikabaki nyeupe. Tangu toleo la 0.76, la mwaka 2024, muundo mpya usio na daraja hilo ndio unaokuja tayari umewashwa. Anayewaonya leo huenda anakumbuka hali ya zamani.

Programu ya oda haina mzigo wa kuifanya tofauti iliyobaki ionekane. Kujifunza Dart si kazi kubwa. Kinachokula muda ni kuzoea upya namna ya kupanga hali ya programu, kupima na kutafuta hitilafu, mambo ambayo tayari mnayajua upande wa React. Tungewaelekeza Flutter kama skrini zenu zingekuwa za michoro inayosogea, au kama mbunifu wenu angetaka sura ileile kabisa kwenye kila simu.

Anzeni na Expo, seti ya zana za kuundia programu za React Native. Kila mnapoongeza maktaba, andikeni `npx expo install` badala ya `npm install`, kwa sababu ya kwanza huchagua toleo linaloendana na Expo mliyonayo, na ya pili huleta jipya kuliko yote bila kuuliza. Matoleo yasiyoendana ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi zinazolaumiwa fremuwaki. Na msishangae maktaba fulani ikikataa ndani ya programu ya majaribio ya Expo Go: Expo Go ina sehemu asilia (msimbo wa Android au iPhone yenyewe, si JavaScript) zilizowekwa tangu awali tu, kwa hiyo maktaba yenye sehemu yake asilia inahitaji mjenge toleo lenu wenyewe la majaribio.

Bosi amenipa wiki mbili nimletee jibu: Flutter au React Native. Programu itasoma uzito kutoka kwenye mizani ya Bluetooth, ihifadhi vipimo mtandao unapokatika, kisha ivitume baadaye. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mizani. Skrini ya kuingia na orodha ya vipimo huandikika kwa fremuwaki yoyote, kwa hiyo haziwezi kukusaidia kuamua. Wengi huanza nazo kwa sababu ni rahisi na zinapendeza bosi, halafu wiki ya sita ndipo wanagundua kwamba mizani haiongei na iPhone.

Siku ya kwanza usiandike msimbo wowote. Soma kijitabu cha mizani ujue inatumia Bluetooth gani. Kama ni ya kawaida yenye SPP, njia ya zamani ya kupitisha data, Android itaunganisha vizuri, lakini iPhone itakataa isipokuwa kifaa kiwe na kibali cha Apple kiitwacho MFi. Hakuna fremuwaki itakayoliondoa hilo. Hapo jibu la kumpelekea bosi ni kubadilisha mizani. Kama ni BLE, Bluetooth ya nishati kidogo, endelea.

Siku tatu zinazofuata, andika programu yenye kitufe kimoja na mstari mmoja wa maandishi kwa Flutter, kisha ileile kwa React Native. Unganisha, soma uzito, zima mizani, iwashe, uone kama inaunganika yenyewe. Tumia simu halisi: moja ya Android ya hali ya chini na iPhone moja. Kwenye Android 12 na kuendelea uombe ruhusa za `BLUETOOTH_SCAN` na `BLUETOOTH_CONNECT`. Kwenye matoleo ya nyuma, kutafuta vifaa kunadai ruhusa ya mahali. Kwenye iPhone, ukisahau kuandika sababu ya kutumia Bluetooth ndani ya `Info.plist`, faili la maelezo ya programu, programu huzimika papo hapo.

Kisha angalia data inavyofika. Pakiti ya BLE ambayo haijaongezwa ukubwa hubeba baiti 20 tu za data. Tuseme mizani inatuma mstari huu:

`ST,GS,+0012.450kg,ID0042`

Herufi ni 24, na alama mbili za kufunga mstari zinafanya 26. Utapokea kwanza `ST,GS,+0012.450kg,ID`, kisha `0042` na alama zake. Msimbo unaochukulia kila pakiti kuwa mstari kamili utahifadhi uzito usio na namba ya mzigo, na hutaona kosa lolote kwenye skrini. Dawa ni kulimbikiza baiti mpaka alama ya mwisho wa mstari ifike, ndipo usome.

Maktaba ya Bluetooth yenyewe uipime kabla ya kuipenda. Tazama toleo la mwisho lilitoka lini, malalamiko ya upande wa iPhone yanajibiwa au yamelala, na kama sehemu zake asilia zinakubali kurasa za kumbukumbu za KB 16. Tangu Novemba 2025 Google Play imeanza kulidai hilo kwa programu zinazolenga Android 15 na kuendelea, na maktaba moja iliyotelekezwa inatosha kukuzuia kupandisha toleo jipya.

Kuhusu kutuma baadaye: hifadhi kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu, na kila kipimo kipewe UUID, kitambulisho kisichojirudia, pale pale kwenye simu, si kwenye seva. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya simu kupata jibu, simu itatuma tena, na bila kitambulisho hicho utapata mzigo mmoja mara mbili. Usimwahidi bosi kwamba data itapanda kila baada ya dakika chache programu ikiwa imefungwa. Android hairuhusu kazi ya kujirudia kwa muda chini ya dakika 15, na iPhone huamua yenyewe ni lini ikupe nafasi.

Ukifika hapa fremuwaki zote mbili zikiwa zimefaulu, chagua ile ambayo timu yako inaweza kuitunza. Mara nyingi moja huwa imeshajitoa yenyewe.

Programu yangu ya Flutter inakwamakwama kwenye orodha yenye picha, hasa kwenye simu za bei ya chini. Nafikiria kuiandika upya kwa React Native.

Usiiandike upya. Kwanza tuambie: umeipima katika hali gani? Kama uliiendesha kwa `flutter run` bila nyongeza, uliona hali ya utatuzi, ambayo ni nzito kwa makusudi ili mabadiliko yako yaonekane papo hapo. Chomeka simu yako dhaifu na uandike `flutter run --profile`. Skrini ya hezi 60 inataka fremu mpya kila milisekunde 16.7. DevTools, zana ya upimaji ya Flutter, itakuonyesha zilizochelewa.

Zikiendelea kuchelewa, tazama picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa faili la MB 3, lakini ikishafunguliwa kila pikseli hula baiti 4, jumla MB 48. Kumi za namna hiyo zinakaribia nusu GB, na simu ndogo huanza kutapatapa. Kama kijipicha chako kina upana wa pikseli 300 kwenye skrini, weka `cacheWidth: 300`, picha hiyohiyo itakaa kwenye takriban KB 270. Bora zaidi, seva itume picha ndogo tangu mwanzo, umwokolee mtumiaji na kifurushi chake cha data.

Kisha hakikisha unatumia `ListView.builder`, si `ListView` iliyopewa wijeti (vipande vya skrini) zote kwa mkupuo. Ya kwanza huunda zile tu zinazokaribia kuonekana. React Native ina mtego uleule, `ScrollView` mahali pa `FlatList`, kwa hiyo ungehama na tatizo lako.

Tuna programu ya Android iliyoandikwa kwa Kotlin, ina miaka minne na watumiaji wake. Sasa tunatakiwa kwenda iPhone. Tuanze upya?

Mkianza upya mtatupa miaka minne ya makosa yaliyokwisha kurekebishwa. Jaribuni Kotlin Multiplatform, ya JetBrains, inayowezesha msimbo wa Kotlin kutumika pia kwenye iPhone, iliyotangazwa kuwa thabiti Novemba 2023. Mantiki inakuwa moja. Sura ya iPhone mnaweza kuiandika kwa SwiftUI, zana ya Apple ya kuundia skrini, au kwa Compose Multiplatform, ya kuandika skrini kwa Kotlin, ambayo upande wa iPhone imekuwa thabiti tangu Mei 2025.

Kazi halisi iko kwenye maktaba. Retrofit, ya mawasiliano ya mtandao, haivuki kwenda iPhone, wekeni Ktor. Hilt, ya kuunganisha sehemu za programu, haivuki, wengi huhamia Koin. `java.time`, ya tarehe na saa, hubadilishwa kuwa `kotlinx-datetime`. Room, ya hifadhidata, sasa inavuka, kuanzia toleo la 2.7. Hamisheni moduli moja ndogo isiyogusa skrini, kwa mfano ukaguzi wa fomu, na toleo la Android liendelee kutoka nalo kabla hamjaigusa iPhone. Likitulia, ndipo mhamishe mtandao na hifadhidata.

Sina kompyuta ya Mac. Je, kuna fremuwaki inayoniwezesha kutoa programu ya iPhone bila hiyo?

Kujenga, ndiyo, kwa kukodi: huduma za EAS ya Expo na Codemagic hujenga kwenye Mac zao na kukurudishia faili. Akaunti ya msanidi ya Apple, inayolipiwa kila mwaka, utaihitaji hata hivyo. Ugumu unakuja hitilafu inapotokea kwenye iPhone pekee, kwani kiigizaji cha iPhone hakiendeshwi nje ya Mac. Uwe angalau na iPhone halisi mkononi, upokee matoleo ya majaribio kupitia TestFlight ya Apple, na ujiandae kusubiri ujenzi mzima kwa kila sahihisho dogo.

Tovuti yetu tayari inafanya kazi vizuri kwenye simu. Je, tuifunge tu ndani ya programu?

Capacitor itawasaidia kuifunga, na kwa fomu, makala na ratiba inatosha kabisa. Tahadhari ni Apple: kanuni yao ya 4.2 inawaruhusu kukataa programu ambayo ni tovuti iliyovalishwa ganda. Ongezeni kitu ambacho tovuti haikifanyi vizuri, kama kusoma bila mtandao au kuchanganua msimbo pau kwa kamera. Faili za kurasa ziwekeni ndani ya programu badala ya kuzivuta kutoka kwenye seva kila inapofunguliwa. Vinginevyo mkaguzi mwenye mtandao hafifu ataona skrini tupu na kuikataa papo hapo.