Excel imeganda na faili liko kwenye flashi? USIZIME!

Mkuu, toa kidole kwenye hicho kitufe. Soma kwanza, halafu ufanye unachotaka.

Umesema Excel imeganda tangu ulipobofya kuhifadhi, hesabu za kikoba chenu cha Ngarenaro ziko kwenye flashi, na fundi mmoja hapo Arusha amekwambia kwenye simu uzime kwa nguvu uwashe upya. Unauliza kama faili linaweza kuharibika.

Kuganda kwenyewe hakuharibu faili. Linaharibika ukikata wakati programu bado inaandika. Windows inakuandikia kwamba programu haijibu dirisha likikaa sekunde 5 tu bila kuitikia. Sekunde 5! Flashi ya bei ya chini ikiandika faili kubwa inazipita hizo na haina ugonjwa wowote. Ndiyo maana nasema, na nitalisema hadi mnichoke: FLASHI NI YA KUBEBEA, SI YA KUFANYIA KAZI.

Mimi niko Moshi. Nilikuwa naweka hesabu za chama cha msingi cha kahawa huko Machame. Majina ya wakulima wote, kilo, malipo ya awali, makato ya pembejeo, vyote faili moja, na faili lenyewe kwenye flashi. Kwa nini flashi? Kwa sababu fundi wetu, bingwa wa mabingwa, alisema nikiweka kwenye kompyuta virusi vitalila. Flashi iliyochomekwa kwenye kila stationery ya pale stendi ndiyo salama, eti!

Usiku wa kuamkia malipo nikabofya kuhifadhi, skrini ikapauka, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikampigia. "Zima tu kaka, inajirudisha yenyewe." Nikashikilia kitufe mpaka kimya. Taa ya flashi ilikuwa bado inapepesa, niliiona, lakini nani aliwahi kuniambia ile taa ina kazi? Mimi nilijua ni urembo.

Kuwasha: jina la faili lipo, ukubwa 0. Asubuhi nikampelekea. Windows ikauliza irekebishe flashi, jamaa akabofya ndiyo hata hajasoma. Likatokea folda FOUND.000, ndani yake FILE0000.CHK. Akatabasamu, "Data zako hizi hapa." Zilikuwepo kweli, kama ng'ombe alivyomo kwenye nyama ya kusaga. Na hela akachukua.

Tukarudi kwenye stakabadhi, zile kopi za kaboni zilizofifia na nyingine zimelowa mvua. Kuna Swai, Swai mdogo, Swai wa darajani, na kila mmoja anazijua kilo zake kwa kichwa hadi robo. Mzee mmoja akanitajia na za msimu uliopita bila kuulizwa, nijue nacheza na nani. Malipo yakasogezwa, na mimi nikawa "yule kijana aliyekula hela za kahawa" hadi sokoni. Sikula hata shilingi. Fundi ndiye aliyekula.

Sababu ni hii. Faili la Excel (.xlsx) ni kifurushi kilichobanwa, na orodha ya vilivyomo inaandikwa mwishoni. Ukikata kabla, hakuna pa kuanzia kulisoma. Excel kwa kawaida inaandika kwanza faili la muda, likikamilika ndipo linapewa jina la lile la zamani, kwa hiyo kwenye diski ya kompyuta mara nyingi unaponea hapo. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32 au exFAT, hazina ile kumbukumbu ya NTFS, mtindo wa diski za Windows, inayosaidia diski kujipanga upya baada ya kukatwa ghafla. Ukikata, hata rekodi ya faili limekaa wapi inaweza kubaki nusu. Na NTFS yenyewe inalinda mpangilio wa diski, si namba zako.

Sasa hivi fanya hivi. Angalia taa ya flashi. Inapepesa? Kaa, kunywa chai. Haina taa? Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, tafuta mstari wa Excel, tazama safu ya diski. Namba zikicheza, inaandika, kaa. Zikitulia kwenye sifuri muda mrefu kweli, ndipo uifunge Excel peke yake humo humo kwenye Task Manager. Kompyuta nzima usiizime.

Flashi usiichomoe bado. Nakili kila kilichomo uweke kwenye kompyuta, pamoja na lolote lenye .tmp mwishoni (lile faili la muda) au jina la ajabu ajabu la herufi na namba. Usilifute, huenda ndilo jipya lenyewe. Kwenye ile nakala badilisha mwisho wa jina uweke .xlsx, ujaribu kulifungua. Na fundi wako akipiga tena, usipokee mpaka umalize kunakili.