Kwa mama wa mtoto wa miezi saba: prednisoloni, mishtuko na kipimo cha homoni

Dada, pole na kuuguza. Nikikuelewa vizuri: mtoto anajikunja na kurusha mikono kila akiamka, anafululiza mishtuko mpaka analia, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) imeonyesha ugonjwa wa West (aina ya kifafa cha watoto wachanga), na daktari ameandika prednisoloni nyingi kuliko ulivyowahi kuona hata mtu mzima akipewa. Shemeji yako anasema usimpe mpaka apimwe kwanza kiwango cha homoni. Mimi si daktari, ni baba wa mtoto aliyepitia hayo hayo, na kwetu mwanzoni waliita chango.

Hilo la kupima homoni hata sisi tuliuliza. Tulijibiwa kwamba mtoto hapewi dawa hii kwa sababu homoni zake zimepungua, kwa hiyo kiwango cha kotisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) kwenye damu hakiwezi kukuambia kama mishtuko itakata. Dawa za homoni zinatumika kwa ugonjwa huu tangu 1958, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana zinautulizaje ubongo. Zinazotumika ni mbili: ACTH, ambayo ni sindano ya bei kali inayoziamsha tezi za juu ya figo zitoe kotisoli, na prednisoloni, kidonge cha bei ya kawaida kinachofanana na hiyo kotisoli yenyewe. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2004: kati ya watoto 55 waliopewa mojawapo ya hizo mbili, 40 walikuwa hawana mishtuko siku ya 13 na ya 14. Waliopewa vigabatrini, dawa ya kifafa isiyo ya homoni, walikuwa 52, waliotulia ni 28. Kipimo cha prednisoloni humo kilikuwa miligramu 10 mara nne kwa siku, na kama mishtuko haijakata baada ya wiki, 20 mara tatu. Kwa hiyo wingi unaokutisha haukutokana na mkono wa daktari kuteleza. (Mwenye tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa vinasaba unaootesha vivimbe mwilini, ndiye huanzishiwa vigabatrini. Uliza kama ngozi yake ilikaguliwa mabaka meupe.)

Jibu la kama dawa imefanya kazi utalipata kwa macho yako na kwa EEG. Sisi tulikuwa na daftari: saa aliyoamka, mafungu mangapi, kila fungu mishtuko mingapi. Na video za simu, maana ukifika hospitali mtoto anatulia kama vile umemsingizia. Usiridhike na kupungua. Kwa ugonjwa huu wanataka mishtuko iishe kabisa na EEG isafike, kwa sababu zile fujo za umeme zinaendelea kumrudisha nyuma mtoto hata ukiona anajikunja mara moja moja tu. Ndiyo maana kungoja majibu ya maabara wakati mishtuko inaendelea ni kumpotezea muda.

Damu na mkojo watapima, lakini kwa ajili ya madhara: sukari, chumvi za mwili. Presha nayo, kwa mkanda wa saizi ya mtoto. Wa mtu mzima utawadanganya.

Sasa maisha ya nyumbani, hayo hakuna anayekuambia. Kidonge ni kichungu ajabu. Tulikisaga kati ya vijiko viwili, tunakilainisha na maziwa kidogo ya mama yake, tunakipitisha pembeni ya shavu. Ukiweka katikati ya ulimi kinarudi chote kwenye kanga. Atakula usiku na mchana, atakuwa mkali, usingizi utapotea, mashavu yatajaa mpaka watu wampongeze kwa kunenepa. Wewe itikia tu. Mashavu yanarudi dawa ikiisha.

Kitu kimoja naomba ukishike kuliko vyote: usiikatishe ghafla, hata mishtuko ikikoma siku ya tatu, hata mama mkwe akilia. Mwili ukiona kotisoli inaingia toka nje, tezi zake zinalala. Ukiitoa kwa mkupuo mtoto anaweza kulegea, kutapika, sukari na presha vikashuka, na hiyo ni dharura. Inashushwa kidogo kidogo. Hapo ndipo kipimo cha kotisoli cha asubuhi kinaweza kuwa na kazi, kuona kama tezi zimeamka, kwa hiyo shemeji hajakosea sana, amewahi tu. Hata wiki kadhaa baada ya kumaliza, akiugua homa kali mwambie daktari wa zamu kwamba alikuwa kwenye prednisoloni.

Wa kwetu mishtuko ilikata. Kutembea alichelewa, maneno bado anayatafuta. Wengine hurudiwa, na wapo wanaohitaji dawa mbili tangu mwanzo, kwa hiyo daftari usilitupe.

Halafu chanjo: miezi tisa inakaribia, na surua-rubela ni chanjo hai, haiendi na dozi kubwa ya dawa hii. Mwambie nesi wa kliniki kabla hajafungua kichupa, na mwenye tetekuwanga mtaani asimsogelee mtoto. Ukienda kuchukua dawa usiondoke bila tarehe ya EEG ya marudio na ratiba ya kushusha, viandikwe kwenye kadi yake.