Forester ya 2.0 na trela la kulala: kuvuta itavuta, lakini...

Ndugu uliyeuliza kama Forester yako ya lita 2.0 isiyo na turbo itafikisha trela la kilo 1,200 Naivasha, mkiwa watu wanne: kuvuta itavuta. Mimi pia nilivuta, na gari la nguvu hizo hizo.

Kutoka Nairobi hadi Limuru injini ililia gia ya pili muda mwingi. Hapa mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru ni zaidi ya 2,200, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Hilo nililivumilia. Kilichonitoa jasho ni mteremko wa Mai Mahiu. Kila lori liliponipita, trela lilitikisa mkia, nami nikakanyaga breki hadi zikanuka. Nilisimama kwenye lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Sikuingia kusali, ila nilikaribia.

Muuzaji wa trela langu naye aliniambia kilo 1,200, na hakudanganya: likiwa tupu. Baadaye nililipitisha kwenye mizani ya machimbo ya kokoto likiwa na maji lita 100, mtungi wa gesi, betri ya pili, turubai na kila kitu ambacho mama watoto alisema "hiki ni chepesi". Kilo 1,640!

Kisha nikapima ulimi, yaani uzito unaoangukia ndoano ya gari. Chukua ubao imara. Ncha moja iweke juu ya tofali, nyingine juu ya mizani ya bafuni, vyote kwa kimo kimoja. Ulimi ukae theluthi moja ya ubao kutoka kwenye tofali, halafu zidisha unachosoma mara 3. Yangu ilisoma 31, yaani kilo 93, haifiki hata asilimia 6 ya uzito wa trela. Kwa trela la aina hii mimi hutafuta 10 hadi 15. Tangi la maji lilikuwa nyuma kabisa, ndiyo maana mkia ulicheza. Nilihamisha mizigo mbele, ikasoma 55: kilo 165.

Sasa hizo 165 zimekuwa mzigo wa gari. Langu liliruhusiwa kubeba 450. Watu wanne 300, mabegi 60, ulimi 165: jumla 525. Hapo hata injini ingekuwa ya trekta, gari limezidiwa. Na kitabu cha gari kina kikomo chake cha ulimi. Ukikuta kiko chini ya hizo 165, usibishane nacho.

Gari hilo nililiuza, nikachukua Prado ya dizeli, na trela nikalifungia breki za umeme. Ulaya trela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake, na mteremko wetu unajua sababu.

Tuandikie hapa kitabu chako kinasema kilo ngapi, na kama hilo trela lina breki.