Anza na toroli, manifoldi zitakusubiri

Wanafunzi wanaonijia hapa Arusha na kitabu cha nadharia ya udhibiti (hisabati ya kuongoza mashine) kwa njia za jiometria huwa wamekwama kurasa za mwanzo kabisa, kwenye fasili ya manifoldi, yaani nafasi ambayo ukiitazama kwa karibu inaonekana tambarare. Nawaambia wakifunge kwanza, twende sokoni Kilombero tukatazame toroli.

Toroli la gurudumu moja lina amri mbili tu: kusukuma mbele au nyuma, na kugeuza. Kwenda ubavu haliwezi. Lakini vijana wa pale wanalichomeka katikati ya matenga ya nyanya bila shida. Vipi?

Shika kalamu. Sukuma mbele sentimita 10. Geuza kushoto radiani 0.1, yaani kama nyuzi 6. Rudi nyuma sentimita 10, kisha geuza kulia kiasi kilekile. Toroli linatazama kulekule lilikotazama mwanzo, ila gurudumu limehamia kulia karibu sentimita 1. Sasa punguza hatua na pembe kwa nusu, urudie hesabu: utapata robo tu, milimita 2.5. Ndiyo maana nafasi ikibana unatoka jasho.

Huko kuhamia kulia ndiko kunakoitwa mabano ya Lie, kwa jina la Sophus Lie wa Norway. Ita θ pembe ambayo toroli linatazama. Uga, yaani mwelekeo ambao amri inalisogeza toroli kutoka kila mahali, huandikwa kwa namba tatu: mbili za mahali lilipo na moja ya pembe. Uga wa kusukuma ni (cos θ, sin θ, 0), wa kugeuza ni (0, 0, 1), na mabano yake ni (sin θ, −cos θ, 0). Weka θ = 0 uone: ni kulia kabisa. Yakokotoe kwa mkono wako, usimwachie kompyuta. Alama ya kutoa ikikupotea hapa, itakusumbua hadi mwisho wa tasnifu.

Baada ya hapo ndipo ulete kipimo cha Kalman ulichofundishwa chuoni, kile cha kuangalia kama mfumo wa mstari unaweza kufikishwa popote. Ukiigeuza milinganyo hii kuwa ya mstari toroli likiwa limesimama, kinabaki kusema kwamba ubavuni hufiki: safu mbili, vigezo vitatu. Kipimo hakina kosa, ila mabano yalishatupwa kabla hakijaanza kazi. Wanahisabati Rashevsky mwaka 1938 na Chow mwaka 1939, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba nyuga pamoja na mabano yake zikijaza pande zote, unafika popote, mradi mfumo hausogei wenyewe.

Manifoldi soma baada ya hapo. Utashangaa zilivyo rahisi.

Na wewe mwenye mradi wa roboti ya magurudumu: usihangaike kutafuta kanuni moja laini (isiyoruka ghafla) ya mrejesho, yaani ya kuchagua amri kwa kutazama roboti iko wapi, isiyotegemea saa, ya kuiegesha mahali ulipopachagua na kuituliza hapo. Brockett alithibitisha mwaka 1983 kwamba haipo. Tumia kanuni inayobadilika na wakati. Coron alionyesha mwaka 1992 kwamba hiyo inawezekana. Au tumia yenye kuruka ghafla, kama msimamizi wako anaivumilia. Wengi hawaipendi.