Kuchangia lami ya mtaa: pigeni kwanza hesabu ya matunzo

Mleta mada anasema wakazi wa mtaa wake hapa Dar wanataka kuchangishana wawekewe lami, barabara ya mita kama 400 yenye nyumba 40 hivi, na anauliza kama hiyo ni akili au ni kutupa pesa. Mimi ni injinia wa ujenzi, na kazi yangu kubwa ni hizi barabara za mitaani: kuzisanifu na kukaa na wananchi kwenye mikutano ya mtaa mpaka kieleweke. Vumilia, jibu ni refu kidogo.

Mkuu, lami sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni nani ataitunza ikishaanza kufumuka.

Pigeni hesabu hii mkutanoni, watu wote wakiona. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na baada ya kupandishwa 2023 nyumba ya kawaida inalipa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba 40 zinatoa 720,000. Kwenye makadirio ya awali mimi huweka bilioni moja kwa kilomita ya lami yenye mitaro ya zege, na mara nyingi inazidi. Mita zenu 400 ni kama milioni 400. Kodi ya mtaa mzima kwa miaka 20 ni milioni 14.4. Nikishaandika tarakimu hizo watu hunyamaza, kisha lazima mzee mmoja aulize, "Kwa hiyo injinia unataka tubaki na tope letu?"

Hapana mzee. Na najua kodi ya jengo si chanzo pekee cha pesa za barabara. Kuna ile shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Ila fungu hilo linagawanywa nchi nzima, na barabara yenu itakaa kwenye foleni. (Jengo la ghorofa nne, kwa 90,000 kila sakafu kwa mwaka, linalipa sawa na nyumba 20 za kawaida, tena kwenye kiwanja kimoja. Ndiyo maana nikiona viwanja vikubwa vya nyumba mojamoja vinapimwa huko pembezoni, kichwa kinaniuma: barabara ndefu, walipaji wachache.)

Kwa pesa yenu, anzeni na maji. Mtaa mmoja niliofanyia kazi, mchoro uliweka mtaro upande wa kushoto. Mama mmoja anayeuza chakula pale akasimama mkutanoni: "Maji hayapiti huko, yanapita uani kwangu." Tukaenda kuangalia. Ukuta wa jiko lake ulikuwa na mstari wa tope usawa wa goti, na juu yake mwingine uliofifia, wa masika ya nyuma. Mpimaji akaweka levo, na kweli ardhi inainamia kwake. Mtaro ukahamishiwa kulia kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa. Huo ndio ushirikishwaji. Kuita watu Jumamosi wasaini mahudhurio, wanywe soda na wapigwe picha ya kuweka kwenye ripoti ni maigizo tu.

Na si jambo geni mjini hapa. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990 ilikuwa makazi holela yanayojaa maji kila masika. Wakazi wenyewe waliajiriwa kwenye ujenzi wa mitaro na barabara, kwa msaada wa ILO, Shirika la Kazi Duniani. Aliyeshika koleo siku ya kujenga hahitaji kufundishwa cha kufanya mtaro ukiziba.

Kwa hiyo mimi ningeenda hivi: mitaro na makalavati kwanza, kisha moramu iliyoshindiliwa vizuri na kupewa mgongo ili maji yasituame katikati. Pesa ikibaki, wekeni pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga, pale kwenye mteremko. Pevingi ina faida moja kubwa: watu wa bomba la maji wakija kuchimba, mnazitoa na kuzirudisha. Lami ikikatwa mnabaki na kiraka, na kiraka ndiyo mwanzo wa shimo. TARURA wahusisheni mapema, barabara ni yao.

Halafu kubalianeni elfu mbili kwa nyumba kila mwezi za kuzibua mitaro. Hiyo ni 960,000 kwa mwaka, zaidi ya kodi ya jengo ya mtaa mzima, na inatosha kulipa vijana wa kusafisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Matumizi yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, la sivyo mwaka wa pili hakuna atakayetoa.

Kabla hamjakusanya hata shilingi, muulizeni mtendaji wenu maji ya mtaro huo yataishia wapi. Akijibu "kule chini kwa majirani," basi mkutano wa kwanza uwe na hao majirani, kwa sababu ndio watakaouziba kwa viroba vya mchanga.