Begi la turubai kwa cherehani ya nyumbani: hesabu matabaka kabla ya kushika mkasi

Kinachowashinda wengi kwenye turubai si cherehani. Ile nyeusi ya miguu iliyoko sebuleni kwa bibi, Singer au Butterfly, hupitisha matabaka manne ya turubai la pamba bila kulalamika. Tatizo liko konani. Mtu anashona mbavu vizuri kabisa, akifika kitakoni mishono miwili iliyopindwa inakatizana, sindano inakutana na matabaka manane, inakatika.

Tuchukue begi la kukunja mdomo, la kubebea nguo na chakula kwenye ngalawa au la kufunga kwenye keria ya baiskeli, maana Tanga bila baiskeli si Tanga.

Turubai liwe la pamba. Lile la bluu la plastiki liachie wanaofunika magunia: kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko, na jua hulimaliza. Uzito unaofaa ni kama gramu 400 kwa mita ya mraba. Muuzaji asipojua gramu, kunja kitambaa hadi matabaka manne ubane kwa vidole: yakifika milimita 3 hivi, sawa. Likiwa nene zaidi ya hapo, waachie wenye cherehani za viatu.

Pamba hurudi ikilowa. Kwa hiyo chora mraba wa sentimeta 50 kwa penseli, loweka kitambaa kizima usiku kucha, anika, piga pasi, kisha pima tena ule mraba. Ukiona umepungua sentimeta mbili, ujue ndizo zingepungua begi likishakamilika.

Uzi uwe wa poliesta, mnene, ule wa kushonea mabegi. Wa pamba huoza kwa chumvi na unyevu. Wa nailoni hunyumbuka na jua huudhoofisha upesi. Kutofautisha pamba na poliesta, choma ncha kwa kibiriti: pamba huacha jivu lenye harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuganda kama punje ngumu. Sindano namba 18, mpya. Urefu wa mshono milimita 4. Mshono mfupi hauongezi nguvu, unatoboa kitambaa kama ukingo wa stempu, halafu kinachanika papo hapo kwenye mstari.

Jaribu kwanza kwenye kipande chenye idadi ileile ya matabaka. Uzi wa chini ukichungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno. Kukiwa na fundo la nyuzi chini ya kitambaa, usiguse bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mara nyingi ni uzi wa juu haukuingia sawasawa kwenye njia yake. Mshono ukiruka, sindano ni butu, nyembamba, au imepachikwa kinyume.

Sasa vipimo. Kata kipande kimoja, sentimeta 49 kwa 166, ukikunje katikati. Kunjo ndilo kitako, kwa hiyo chini hapana mshono kabisa, na hiyo peke yake inakupunguzia nusu ya tatizo la kona. Utapata begi lenye kitako cha 28 kwa 18, kimo cha 50, na sentimeta 20 za kukunja mdomo.

Kazi ya bapa itangulie mbavu, kwa sababu begi likishakuwa mfuko hupati pa kuingiza mkono. Mdomoni kunja pindo la sentimeta 4 mara moja tu. Ukikunja mara mbili, mbavuni yatakutana matabaka sita. Ukingo utachambuka kidogo kwa ndani; nta itaushika. Upande mmoja penyeza humo ukanda wa plastiki uliokatwa kwenye dumu la zamani, upana sentimeta 2.5, urefu 42, ili mdomo ukunjike ukiwa umenyooka. Mkanda wa kufungia ushone mgongoni, sentimeta 25 chini ya mdomo, na bizimu yake (buckle) mbele, sentimeta 30 chini. Shona kisanduku chenye msalaba ndani, na nyuma yake weka kiraka cha turubai, la sivyo siku begi likijaa mkanda utang'oka na kipande cha kitambaa.

Mkanda uwe wa poliesta. Najua tuko nyumbani kwa mkonge, lakini katani ikikaa na maji huoza. Bizimu na pete ziwe za plastiki au shaba. Nenda dukani na sumaku: pete ya njano ikinaswa, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi, na itatoa kutu itakayokula pamba pembeni yake.

Mbavu zishone sentimeta 1.5 kutoka ukingoni, kisha safu ya pili nje ya ya kwanza. Safu hiyo ya pili iishie sentimeta 12 juu ya kunjo la kitako. Hapa ndipo penye siri: pale chini pindo la mbavu linafunguka huku na huku, ligonge kwa nyundo juu ya ubao hadi lilale. Vuta kona iwe pembetatu, mstari wa mbavu ulale juu ya mstari wa kunjo, pima sentimeta 9 kutoka nchani, chora mstari wa sentimeta 18, shona juu yake mara mbili. Sasa sindano inakutana na matabaka matatu tu. Ukipanda kilima hicho ondoa miguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, na weka kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu unaobana ili usiinuke upande mmoja. Usivute kitambaa, ukikivuta sindano inapinda na kugonga bati.

Cherehani ikigoma kabisa, chukua shazia, ile sindano kubwa ya mkono, na uzi uliopakwa nta, shona kona kwa mkono kama washona matanga.

Nta huja mwisho, baada ya mishono yote, maana hugandisha sindano. Yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki na mbili za mishumaa, kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto. Usiliweke kopo motoni moja kwa moja, litawaka. Paka kwa brashi, funika kwa gazeti, pitisha pasi.

Kujaribu, tundika begi, mimina ndani lita 5 za maji, subiri robo saa. Pale yatakapochungulia matone weka alama ya chaki. Likikauka, sugua nta hapo tena.