Maswali na majibu: kwenda Kilwa, Mikindani na Tendaguru

Likizo inakaribia na barua za safari zimezidi. Nimechukua zile zenye manufaa kwa wengi.

Nataka kwenda Kilwa mwezi ujao. Nishuke wapi? (Morogoro)

Kilwa ipi? Kila msimu naulizwa hivi, na kila msimu wapo wanaoshushwa wasikokwenda. Kilwa ni tatu. Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, kwenye gesti na bandari. Kivinje ni mji mkongwe uliovuma karne ya 19, kaskazini ya Masoko. Kisiwani ndiko kwenye magofu, ng'ambo ya maji kutoka Masoko. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru, hapo utapata gari la Masoko. Tafadhali someni ramani kabla ya kukata tiketi.

Jumamosi na Jumapili zinatosha kuona Kilwa, Lindi na Mikindani na kurudi Dar?

Hapana. Chagua Kilwa peke yake.

Kibali cha Kisiwani ni cha kweli, au watu wa mashua wanajitafutia? (Lindi)

Ni cha kweli na kinalipiwa. Kichukue Masoko kabla hujapanda mashua, na uchukue na mwongozaji wa huko huko. Anayekwambia twende tu, hakuna atakayeuliza, mwache.

Nafundisha Newala, naleta wanafunzi Kilwa. Niwaambie ilijengwa na nani, Waarabu au Washirazi?

Mwalimu, waambie ilijengwa na Waswahili wa Kilwa. Simulizi ya Ali bin Hassan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka waijue, ni urithi wao. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu walioishi Kisiwani tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo, wakifua chuma na kutengeneza shanga za kombe. Mji wa mawe uliota juu ya kijiji hicho. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji wengi ni watu weusi wenye chale usoni. Wageni walikuja, wakaoa, wakasilimisha, wakaleta bidhaa na elimu. Hilo halikuwafanya wenyeji kuwa watazamaji katika mji wao, na nachoka kusikia watoto wetu wakifundishwa kwamba kila ukuta wa mawe pwani uliletwa na jahazi.

Wakifika Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, waingize kwenye chumba kimoja wapime upana kwa hatua. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali zaidi ya mita tatu hivi. Kisha waonyeshe fremu za milango. Ni matumbawe yaliyochongwa yangali laini, yametoka baharini karibuni, kisha yakakauka na kuwa magumu. Fundi wa kazi hiyo alizijua bahari na mikoko ya hapa. Husuni Kubwa, jumba la kifalme kule Kisiwani, waone birika la pembe nane la Sultani al-Hassan bin Sulaiman wa karne ya 14. Sarafu yake imeokotwa hadi Great Zimbabwe, ilikotoka dhahabu iliyouzwa kupitia bandari ya Sofala.

Kivinje kuna nini? Tumeambiwa ni nyumba zilizobomoka tu. (Masasi)

Kuna Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyonga watu wetu, Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, akiwa mmoja, mwaka 1895. Kuna mnara wa kumbukumbu ya Maji Maji. Kuna boma la Wajerumani kando ya bahari, na mitaa iliyoona misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ziwa Nyasa. Nendeni huko kabla ya kwenda kupiga picha Kisiwani.

Nyumba kweli zinabomoka, na sababu zinajulikana. Paa likishatoboka, mvua inaingia juu ya ukuta, chokaa inalainika, mkuyu unaota kwenye ufa, basi. Kisha jirani anakuja na toroli kuchukua mawe ya msingi wake. Warithi wengi wako Dar hawana habari. Nanyi mnaokarabati, acheni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani na ukuta unaoza huku unaonekana mpya. Chokaa izibwe kwa chokaa.

Nimeonyeshwa mlango wa nakshi unauzwa Mikindani. Ninunue? (Mtwara)

Usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na biashara yake ina masharti. Ukitaka nakshi, mwagize fundi aliye hai akuchongee mpya, naye apate kula. Na nyinyi wenye nyumba, mlango wa babu ukishatoka, ile nyumba haina tena uso.

Nyumba ya Livingstone iko Mikindani?

Msafiri huyo Mskoti alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Uliza pia boma la Wajerumani la 1895.

Dinosaria wa Lindi wanaonekana wapi?

Berlin. Walichimbwa Tendaguru, kilima cha huko Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mifupa ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mmoja wao, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho huko. Tendaguru kwenyewe utaona kilima na pori, na wakati wa masika usijaribu njia ile. Majina ya mamia ya wachimbaji na wapagazi hao ndiyo ningependa yaandikwe Lindi, ukutani, kwa herufi kubwa.

Nivae nini Kisiwani?

Funika mabega na magoti. Ni kijiji, watu wanaishi, wanaswali, wanazika. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na usikanyage makaburi.